Siyo ya Ardith Kovach

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye ukumbi wa chai wa hoteli, Ardith Kovach alikuwa kwenye foleni ya vitambulisho. Vilibadilishwa rangi kila siku, na cha Jumatatu kilikuwa cha kijani. Pembeni yake wajumbe wenzake wa West Virginia walikuwa wanakula mayai na kubishana nani atavaa kofia ya mchimba makaa, ile yenye taa, siku ya kuita majimbo, kila jimbo litaje mgombea wake. Kofia yenyewe ilikuwa mpya kabisa. Kati yao wote aliyewahi kushuka mgodini alikuwa mzee mmoja tu, na huyo hakuitaka.

Ardith alikuwa na miaka sitini na tatu, na kwa miaka ishirini na minane aliendesha basi la shule. Watu wa bonde la Tackett walimchagua kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa taifa wa chama, kura kumi na nne kwa tisa, kwenye kituo cha zimamoto, na walimtuma jambo moja. Maji ya visima vya bonde yalikuwa yanatoka na rangi ya chai tangu kampuni ya makaa ilipofunga mgodi ikaenda zake. Figo za mumewe, Delbert, zilikuwa zimeshakufa, na mara tatu kwa wiki alipelekwa mjini kusafishwa damu. Sasa, kwenye rasimu ya ilani ya chama, ukurasa wa arobaini na moja, kulikuwa na sentensi inayosema kila nyumba iliyoharibiwa maji na machimbo itavutiwa bomba. Ardith alitumwa kuilinda. Akikuta haipo, aseme siyo, tena aseme kwa nguvu.

Alipopewa kitabu kipya cha ilani alikifungua palepale kwenye foleni. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na habari za barabara kuu. Akasoma wa arobaini, akasoma wa arobaini na mbili. Akamfuata Garland Stemple, kiongozi wa ujumbe wao, mezani kwake.

"Mzee Garland, sentensi yetu iko wapi?"

"Ipi hiyo?"

"Ya maji."

"Aa, ile ilikatwa wiki iliyopita. Kamati iliona itazua maneno. Mama, ni sentensi moja tu hiyo, usijiharibie siku."

"Na kule ni bonde moja tu. Si ndivyo unavyotaka kusema?"

"Mimi sijasema hivyo. Kula, mayai yanapoa."

Jamani! Mtu anazungumzia figo za mumewe, anaambiwa mayai yanapoa. Ardith hakula.

Ilani ilipigiwa kura saa kumi jioni, ukumbi ukiwa nusu tupu, saa ambayo vituo vikubwa vya televisheni vilikuwa bado vinaonyesha vipindi vya mapishi. Ilikuwepo chaneli moja inayoonyesha kila kitu mwanzo mwisho, na Ardith alijua watu wa bonde wamejaa kituo cha zimamoto wakiitazama. Kiti chake kilikuwa mahali ambapo aliweza kuona kioo kikubwa chenye maneno yanayosomwa na wasemaji wa jukwaani. Mwenyekiti wa mkutano, mama mmoja aliyevaa suti nyeupe, alisoma kutoka hapo: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ukumbi ukasema ndiyo, wengi macho yakiwa kwenye simu. "Wasioafiki waseme siyo."

Mstari wa chini yake ulikuwa umeshaandikwa: WALIOAFIKI WAMESHINDA. Ulikuwepo tangu mchana, kabla hajafungua mdomo mtu yeyote. Ardith aliusoma, akauelewa, ukamuuma sana. Hata hivyo akasimama, akasema siyo.

Siyo yake ilitoka na haikukatika. Alifunga mdomo, ikaendelea. Alikaa, ikabaki hewani pale alipokuwa amesimama, kimo cha kichwa chake, kwa sauti ileile ya mwanamke aliyezoea kunyamazisha watoto hamsini garini. Mwenyekiti alisubiri kidogo kwa adabu. Alipoona haiishi, akasoma mstari uliofuata na kugonga nyundo.

Akaja Tripp Lansdale, mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia wajumbe wainue bango gani na washangilie saa ngapi.

"Mama, hiyo ni yako?"

"Yangu."

"Naomba uizime basi, gavana anapanda jukwaani."

"Sijui inazimwa wapi, mwanangu."

"Si umeitoa wewe?"

"Irudisheni sentensi yetu, tuone kama haitanyamaza."

Tripp aliuliza sentensi ina maneno mangapi, akaandika idadi kwenye simu yake. Kisha akasema vitabu vimeshachapwa.

Baadaye walikuja mafundi mitambo wawili na ngazi. Mmoja aliingiza mkono ndani ya sauti, akasema ina joto kidogo. Mwenzake akapima urefu wake kutoka sakafuni.

"Imetulia hii," alisema. "Haipandi, haishuki. Za namna hii tunazichuja tu, kwenye televisheni hawataisikia kabisa."

"Lakini mimi nataka waisikie!" alisema Ardith.

"Hayo zungumza na wakubwa, mama. Sisi tumeambiwa tuchuje."

Kufika Jumanne watu walishaizoea. Wasemaji walipaza sauti kidogo zaidi, basi. Mtu akipotezana na wenzake na kupiga simu kuuliza mko wapi, alijibiwa: tuko karibu na siyo, ukifika kwenye siyo kata kushoto. Siku ya kuita majimbo Garland alivaa kofia mwenyewe, akataja milima, mito na makaa ya West Virginia, akapigiwa makofi mengi. Alhamisi maputo yaliporuhusiwa kushuka kutoka darini, yaliizunguka sauti ile na kuacha uwazi wa kutosha kichwa cha mtu. Ardith hakuinuka kwenye kiti siku zote nne, isipokuwa kwenda msalani. Aliona uchungu kuiacha peke yake. Ijumaa alipanda basi kwenda kwao, nayo ikabaki.

Kwenye kituo cha zimamoto walikuwa wanamngoja. Lurleen Pruitt, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyependekeza jina lake, ndiye aliyeanza.

"Shoga, tulikuona. Umesimama, umefungua mdomo, umekaa. Ulipatwa na nini?"

"Nilisema, Lurleen. Mpaka sasa hivi inasema."

"Televisheni tuliifungulia sauti mpaka mwisho."

"Waliichuja."

Lurleen alitazama wenzake. Mpwa wa mmoja wao alileta video iliyopigwa kwa simu na mjumbe mwingine, wakaisikiliza mara tatu, wakakubaliana kwamba kinachosikika ni feni. Delbert alisema yeye anamwamini mke wake. Alisema kwa upole, na Ardith, aliyeishi naye miaka thelathini na tisa, alijua kwamba haamini.

Wenye ukumbi wa mkutano walimwandikia mara moja tu, kwa fomu ya vitu vilivyosahauliwa, wakimtaka aje kuchukua cha kwake ndani ya siku thelathini. Aliwajibu kwamba hakusahau kitu. Siku hizi kunachezwa mpira wa kikapu pale, na waamuzi wamepewa filimbi kali zaidi.

Ikapita miaka minne. Delbert alizikwa mwezi Machi. Waliomwosha walitumia maji ya chupa. Mwezi Mei bonde lilikutana tena kuchagua mjumbe, na Lurleen akapendekeza Burl Hatcher, mnadi wa ng'ombe, ambaye akiita bei upande huu wa mto watu wa ng'ambo wanageuka.

"Safari hii tumpeleke mtu mwenye sauti," alisema, na hakumtazama Ardith.

Mikono ikainuliwa. Katibu akahesabu, kisha, kama utaratibu unavyotaka, akauliza kama kuna anayepinga. Ardith alisimama, akafungua mdomo. Neno halikuwemo. Lilikuwa bado kule ukumbini, linaendelea.

Katibu alisubiri kidogo, kwa adabu, akaandika kwamba wote wamekubali.