Nyayo za Watachoka

Mguu wa kwanza mbwa alikubali upakwe. Wa pili aliurudisha kifuani, na Mwanaharusi alipouvuta taratibu, mbwa akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu aletwe pale nyumbani, sauti nyembamba kama ya mtoto anayelia usingizini.

"Mwache, wifi," alisema Chiku, dada wa marehemu mumewe. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, karibu na pipa la maji, amekusanya kanga yake isiguse chini. "Atakung'ata."

"Hang'ati."

"Mbwa ni mbwa."

Mwanaharusi alichota tena mafuta ya nazi kwa vidole viwili na kuyapitisha juu ya wayo kwa wepesi wote aliokuwa nao. Nyama nyeusi ya chini, iliyokuwa ngumu kama soli ya kandambili, ilikuwa imeachana na mguu. Iliinuka pembeni. Chini yake palikuwa pekundu, na maji yalikuwa yanatoka.

Ilitokea alfajiri, kabla jua halijachomoza. Shamba lake la muhogo lilipakana na minazi ya Mzee Amour, na siku tatu nyuma vibarua wa mzee walikuwa wamefyeka vichaka, wakalundika makumbi ya nazi na visiki vilivyooza, wakatia moto. Moto uliwaka siku nzima. Kisha ulizimika, kwa jinsi macho yalivyouona. Lilibaki jivu la kijivu, limelala kimya kama unga uliomwagwa. Alfajiri ile nguruwe pori alitoka kwenye muhogo na kukimbia kando ya lile jivu. Mbwa akakata katikati ili amzibe njia. Makumbi yalikuwa bado yanafuka chini. Miguu yote minne ikazama.

Jina lake lilikuwa Watachoka. Kheri, mumewe Mwanaharusi, ndiye aliyemleta, amejikunja ndani ya kapu la ukili, miaka sita nyuma. Pale kijijini kwao, Ndagoni, watu walisema sana. Nyumba ya watu wanaoswali, mbwa wa nini? "Waache waseme," Kheri alisema, "watachoka." Na kweli walichoka, maana mwaka ule wao peke yao ndio waliovuna muhogo wote walioupanda. Mwanaharusi mwenyewe hakumgusa mbwa yule kwa mwaka mzima. Alimtupia chakula kwa mbali, basi. Mpaka kiangazi kimoja alipomwona anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga, kwa sababu ardhi ya huko mashambani ni mawe ya matumbawe yenye makali, na joto la mchana lilikuwa limempasua nyayo mithili ya matope yaliyokauka. Kheri alikuwa baharini. Mwanaharusi aliyeyusha nta kidogo ndani ya mafuta ya nazi, akavaa kanga kuukuu aliyoitenga kwa kazi hiyo, akamwita.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Kila baada ya alasiri mbwa alikuja mwenyewe, akalala ubavu, akanyoosha miguu. Yeye alipaka katikati ya vidole, akaondoa miiba, akasugua mpaka nyama ikalainika na kung'aa. Kisha alikwenda kunawa mara saba, moja kwa udongo, akabadili nguo, akasubiri magharibi. Kheri alipofariki, mbwa alibaki, na desturi ikabaki.

Kwa hiyo asubuhi ile, mbwa alipofika akitambaa hadi kwenye ua, mkono wa Mwanaharusi ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo la mafuta. Ulikwenda kabla hajafikiri.

Baadaye ndipo alipompigia simu Hamdu, bwana mifugo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamdu, mbwa wangu ameungua nyayo. Zote nne."

"Pole sana. Umempaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

Mwanaharusi alisikia ng'ombe wakilia upande wa pili.

"Mama, mafuta yale ni mazuri kwa nyayo kavu. Kwenye jeraha bichi la moto yanafungia joto ndani. Ilitakiwa kwanza maji baridi, maji mengi, kama robo saa."

"Sikujua."

"Hukujua, mama. Sasa yaoshe taratibu kwa maji safi. Usipake kitu kingine. Mfunge kitambaa kisafi, usikaze. Na asijilambe."

"Utakuja lini?"

"Niko Bweni kwenye chanjo. Barabara umeiona ilivyo. Nikimaliza huku nakuja."

Aliikata simu, akaitazama mikono yake. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta mpaka kwenye viwiko.

Kuyaondoa kulikuwa kugumu kuliko kuyapaka. Maji yaliteleza juu yake, na kila alipogusa kwa kitambaa, kipande cha ngozi kilitoka pamoja na mafuta. Mbwa hakumng'ata. Aliweka meno yake juu ya kiganja chake, akayaacha pale, hakubana. Mwanaharusi aliendelea kuosha huku akiomba radhi kwa sauti ya chini, kama anavyoombwa mtu.

Alikata kitako cha ndoo ndogo ya rangi, akamvisha shingoni asifikie miguu. Alifunga vitambaa. Jioni vilikuwa vimelowa vyote, akavifungua, akafunga vingine. Siku ya tatu vitambaa vilimwishia, akaanza kuchana doti ya kanga ambayo hakuwahi kuivaa. Chiku alimkuta anachana. Alisimama pale pale karibu na pipa, akatazama, akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na shuka nyeupe ya zamani, imefuliwa, imekunjwa. Aliiweka juu ya kizingiti, mbali na mbwa.

"Hii ni laini zaidi," alisema.

"Ahsante, wifi."

"Kuna siku moja alasiri itakupita kwa huku kunawa kwako."

"Karibu inipite jana."

Chiku alikaa chini kwenye kizingiti. Alianza kuichana shuka, vipande vya upana mmoja, akavipanga juu ya goti lake.

Nguruwe walijua mapema kuliko watu. Siku ya pili tu baada ya mbwa kuungua walikuja kwenye ukingo wa shamba wakala mstari mmoja. Siku ya nne waliingia mpaka katikati. Mwanaharusi alitoka kila alfajiri na debe na kipande cha chuma, akapiga, akapiga, na upande aliosimama ulitulia. Upande wa pili alisikia mashina yakivunjika. Shamba lina pande nne na yeye alikuwa mmoja. Kulipokucha alipita kati ya mashimo, akaokota vipande vya muhogo vilivyotafunwa nusu, akavitia kwenye kapu. Na nyumbani, kutoka barazani, Watachoka alibweka. Alibweka akiwa amelala, sauti yake imefungiwa ndani ya ndoo, mpaka ikakauka.

Mzee Amour alikuja siku ya tano, kabla ya adhuhuri. Alipiga hodi akiwa bado njiani, akavua viatu mbali na baraza.

"Shikamoo, Mzee Amour."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kukupa pole. Ningekuja mapema, aibu imenizuia."

"Nimeshapoa. Karibu mkeka."

Hakukaa. Alimtazama mbwa, ile ndoo, zile bandeji nne.

"Vijana waliniambia moto umezimika," alisema. "Sikuwaamini, nikaenda mwenyewe. Niliweka mkono juu ya jivu, hivi. Palikuwa baridi."

"Hata mimi nilipita pale jioni yake," Mwanaharusi alisema. "Nilipita na kuni kichwani. Mbwa alikuwa nyuma yangu."

Alitamani sana awe na wa kumkasirikia. Mzee alikuwa mbele yake, shamba lake, moto wake, na hasira haikuja.

"Mwanangu aliyeko Kilindoni ana mbwa amezaa," mzee alisema. "Nitamwambia akuwekee mmoja."

"Mtoto wa mbwa atachukua mwaka mpaka amjue nguruwe."

"Ndiyo. Mwaka."

Mzee alivua kofia, akaifuta kwa ndani kwa kiganja, akaivaa tena. Halafu akaondoka polepole, akipita pembeni ya ua.

Hamdu alifika siku ya tisa, pikipiki yake nyekundu kwa vumbi. Alimsalimu Mwanaharusi, akachutama, akafungua bandeji moja moja bila kuzungumza. Mwanaharusi alishika kichwa cha mbwa.

"Miguu ya nyuma inarudi," alisema Hamdu. "Na huu wa mbele wa kulia. Tazama." Ngozi mpya ilikuwa imeanza, nyembamba, ya waridi kama ndani ya mdomo. "Umefanya kazi kubwa, mama. Hapa palipofunga kabisa unaweza kuanza yale mafuta yako. Kidogo tu, isije ikakauka na kupasuka."

"Na huo?"

Hamdu alikuwa ameuacha wa mbele wa kushoto mwisho. Alipofungua kitambaa, Chiku, aliyekuwa amekaa kizingitini, aliziba pua kwa ukingo wa mtandio. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Si weusi wa nyayo, weusi mwingine.

Hamdu alimdunga mbwa sindano, akapulizia dawa ya zambarau. Kisha alichukua wembe, akanyoa manyoya kidogo juu ya jeraha, mstari mwembamba kuzunguka mguu.

"Nitarudi Alhamisi," alisema. "Weusi ukibaki chini ya mstari huu, tutaendelea na dawa. Ukipita, nitakuja na sindano nyingine."

"Ya nini?"

Hamdu alifunga mkoba wake kwanza.

"Ya kumpumzisha. Kukata mguu kunahitaji vifaa ambavyo sina, na kumvusha mpaka Dar akiwa hivi, sidhani kama atafika. Kama unaona anateseka mno, sema sasa. Nitakwenda Kilindoni niilete leo hii. Si lazima tungoje Alhamisi."

Mwanaharusi aliangalia mkono wake juu ya kichwa cha mbwa. Masikio ya mbwa yalikuwa na joto.

"Angekuwa wa mtu mwingine," alisema, "ningejua la kumwambia."

Hamdu aliitikia kwa kichwa. Alinawa kwa maji aliyomiminiwa, akaaga, akaondoka.

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Jumatano weusi ulikuwa chini ya mstari, au ulikuwa juu ya mstari. Mwanaharusi aliuangalia mara tatu na kila mara aliona tofauti. Alimwita Chiku. Chiku akaja mpaka karibu, karibu kuliko siku zote, akainama.

"Sijui, wifi," alisema. "Wallahi sijui."

Baada ya alasiri Mwanaharusi alipasha mafuta kwenye kiganja na kuipaka ile miguu mitatu iliyofunga. Mbwa alilala ubavu, akainyoosha yote, pamoja na ule wa nne. Huo aliupita. Kisha alitandika magunia mawili ndani ya toroli, akambeba mbwa, akamlaza juu yake. Ndoo ya shingoni akamvua.

Chiku alisogea, akawapisha njia.

Njia ilikuwa ya mawe na gurudumu lilirukaruka, akaenda polepole. Walipofika ukingoni mwa shamba alisimamisha toroli chini ya mwembe mdogo na kukaa kwenye jiwe. Mbwa aliinua pua. Alinusa upande wa mashimo, upande wa minazi, upande wa upepo. Mistari mitatu ya muhogo ilikuwa bado imesimama, mirefu, majani yakicheza. Iliyobaki ilikuwa udongo uliofukuliwa.

Nguruwe alitoka kichakani kabla jua halijazama, peke yake, dume mkubwa mwenye matope mgongoni. Aliwaona. Alisimama kama hatua ishirini kutoka kwao, akapindisha kichwa.

Watachoka alinguruma.

Mwanaharusi alisimama, akapiga makofi, akaokota jiwe, akalitupa. Nguruwe alisogea hatua chache, akangoja, akarudi pale pale. Alitupa jingine. Mkono ulikuwa umechoka kwa debe la asubuhi na jiwe lilianguka karibu. Nguruwe hakuinua hata macho. Aliingiza pua chini ya shina la kwanza na kuanza kuchimba.

Mwanaharusi akarudi kukaa, safari hii pembeni ya toroli, na mkono wake akauweka juu ya mbavu za mbwa. Sauti ya kunguruma haikusikika tena kwa mbali, ilikuwa ndani tu, lakini aliihisi kwenye kiganja, inatetemeka, inakatika mbwa anapovuta pumzi, inaanza upya.