Mwigizaji Aliyejua Kufa

Onyesho la waandishi wa habari lilikuwa saa tano asubuhi, katika ukumbi wa sinema ulio ghorofa ya juu ya jengo moja la maduka huko Surulere, na Morenikeji Adesokan alifika mapema ili apate kiti ambacho springi zake hazijatokeza. Alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti moja la wiki la Lagos, na kazi hiyo alikuwa ameifanya muda mrefu kiasi kwamba waongozaji waliomtukana enzi hizo sasa walikuwa na watoto wanaomtukana. Wasomaji walimwita Anti Keji. Watayarishaji walikuwa na majina yao mengine.

Filamu ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya njozi na mapenzi, ikiitwa Mchumba wa Kina Kirefu. Malkia wa mto anampenda meneja wa benki, meneja anampenda malkia, na mama mzazi wa meneja hampendi mtu yeyote. Penzi lilipokolea, maji yalianza kuvuja chini ya skrini, yakatambaa kati ya viti mpaka yakafika kwenye vifundo vya miguu. Waandishi wakapandisha suruali na kupakata mikoba yao. Mhudumu aliingia na dekio, akasema filamu za majini ndivyo zilivyo, na bora hii kuliko ile ya mwezi uliopita iliyokuja na kambare.

Keji aliandika gizani: “Maji yana kina kuliko mapenzi. Wigi la malkia limeigiza vizuri kumshinda malkia mwenyewe. Limekaa mtoni filamu nzima na likabaki kavu, jambo linalotaka kipaji.”

Ya pili ilikuwa Mashetani wa Machimbo, ya mapigano na kutisha, kazi ya Chifu Obiajulu Ezenwa, mtayarishaji ambaye humshukuru Mungu mwanzoni mwa kila filamu na benki yake mwishoni. Wafu wanafufuka kwenye machimbo ya mawe. Jenerali mstaafu anawapiga risasi tangu mwanzo hadi mwisho bila kujaza bunduki hata mara moja. Steringi hafi, hilo linajulikana, lakini huyu hata jasho halikumtoka. Keji alikuwa ameanza kusinzia pale mlinzi mmoja, mwembamba, sare imempwaya, aliposimama kwenye ukingo wa mwamba na shetani akamsukuma. Mlinzi yule hakupiga ukelele kama wapigavyo waigizaji. Alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani. Kisha akaanguka, na Keji akaamka.

Ijumaa uhakiki ulitoka. Uliichambua filamu kama kuku wa sikukuu, isipokuwa mahali pamoja: “Katika kelele zote hizi, mtu mmoja tu anaijua kazi yake, naye ni mlinzi asiye na jina anayeanguka mwambani. Hatimaye tumepata mwigizaji anayejua kufa. Wenzake wamwendee awafundishe.”

Jumatatu mchana mlinzi alikuja nyumbani kwake, Yaba. Umeme ulikuwa umekatika na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Alipiga hodi, akavua viatu. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umebonyea, na mwili mzima ulikuwa mweupe kwa vumbi la mawe. Keji alimtambua kwa ile sare. Alitandika gazeti juu ya kochi ili lisichafuke, akamkaribisha, akamletea maji. Mgeni alishukuru lakini akasema maji hayakai.

“Nimekuja kutoa shukrani, Mama,” alisema. “Tangu nizaliwe sijawahi kuandikwa gazetini.”

“Uliigiza vizuri.”

“Sikuigiza. Nilianguka.”

Keji alikaa chini. Mgeni akajieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kufika kwao. Aliitwa Tersoo Agber, Mtivi wa huko Makurdi, aliyekuja Lagos kupakua mifuko ya saruji bandarini. Siku moja walikuja watu na basi dogo wakitafuta wanaume wembamba. Walipofika machimboni, aliambiwa kamba ya kumshikilia iko njiani, na kwa kuwa ilichelewa kufika wakamfunga kwa ile iliyokuwa imefungia jenereta kwenye lori. Tersoo aliuliza kama itahimili. Mwongozaji akamjibu kwamba jua linazama na jua halimsubiri mtu. Alipoanguka, kamba ikakatika, na mwongozaji akasema wamepata picha. Walimzika pale pale chini ya mwamba, haraka kidogo, kwa sababu wali ulikuwa umeshafika na ungepoa.

Mkewe alipigiwa simu akaambiwa mumewe ametoroka na mwanamke wa vipodozi wa waigizaji, wameelekea Cotonou, nchi jirani ya Benin.

“Cotonou nina nani mimi?” Tersoo alisema. “Hata Kifaransa sikijui.”

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. La pili lilikuwa la kikazi. Kila mara filamu ile ilipoonyeshwa, ilimlazimu arudi kuanguka upya, na tangu uhakiki ule utoke watu walikuwa wanajaa ukumbini kumwona mwigizaji anayejua kufa. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akaanza kuvaa viatu, kwa kuwa onyesho la alasiri lilikuwa karibu.

Keji alimuuliza kama bado inauma.

“Inauma vilevile,” alisema Tersoo. “Ila njia nimeizoea.”

Alipoondoka, Keji alikung'uta gazeti nje ya dirisha, akabaki amelishika. Maisha yake yote alikuwa amekula kwa ulimi mkali. Mara hii moja alisifu, na sifa ile ikamrudisha mtu mwambani mara nne kwa siku. Aliketi akaandika yote: jina, kamba, kaburi, Cotonou. Hakutia mzaha hata mmoja, na ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa mkono haukuzoea.

Mhariri wake, Osagie, aliisoma makala hiyo mara mbili, akavua miwani. Hakuwa mtu wa kubisha mambo ya wafu. Marehemu baba yake mwenyewe huja ofisini kulalamika kwamba herufi za gazeti ni ndogo.

“Anti Keji, usidhani siamini,” alisema. “Naamini kila neno. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Ingekuwa uzushi, ningeichapa kesho.”

Akamgeuzia ukurasa wa mwisho wa gazeti, ambao wote ulikuwa tangazo la Chifu Ezenwa, na ungekuwa wake mpaka Krismasi. Akaahidi kuokoa kitakachookoka. Ijumaa Keji alikuta kimeokoka kijisentensi kimoja: “Kifo chake ni cha kweli kabisa.” Kufikia Jumapili sentensi hiyo ilikuwa kwenye mabango ya barabarani kote Lagos, kwa herufi ambazo hata marehemu baba wa Osagie angezisoma bila miwani, na chini yake jina la Morenikeji Adesokan.

Ukumbi wa Surulere ukaongeza maonyesho, pamoja na moja la asubuhi kwa wanafunzi, kwa kuwa filamu, Chifu alisema redioni, ina maadili. Tersoo akawa anapita kwa Keji amesimama tu, hapati hata nafasi ya kuketi.

Walikwenda polisi. Ofisa wa zamu aliwasikiliza kwa adabu, akasema kwa kesi ya kifo ni lazima maiti ionekane. Keji akamwonyesha Tersoo. Ofisa akamtazama, akakubali kwamba maiti imeonekana, akamwomba kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kimezikwa naye. Ofisa alisikitika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli jenerali anaiokoa nchi mwishoni, maana yeye alitolewa ukumbini na simu ya kazini. Tersoo alisema hajui, hajawahi kufika mwisho. Kabla maelezo hayajaandikwa ikabidi aondoke kwenda kuanguka, na ofisa akasema mlalamikaji aliyeacha kituo kwa hiari yake amefuta malalamiko.

Basi Keji akampigia mke wa marehemu simu.

Nguveren alikuja kwa basi kutoka Makurdi, amevaa kitambaa cha kwao cha mistari myeusi na myeupe, na mapajani ana bakuli lililofungwa kwa kanga: viazi vikuu vya kutwanga na mchuzi wa ufuta. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kwa sababu mengi alikuwa ameshayamaliza kwa kuulaani mji wa Cotonou. Njiani kwenda Surulere aliuliza swali moja tu.

“Huyo mwanamke wa vipodozi, yupo?”

“Hayupo, dada. Hakuwahi kuwapo.”

Nguveren alitazama nje ya dirisha la teksi. “Nilikuwa nimeshampa sura,” alisema. “Hata meno nilimpa.”

Walikaa safu ya nyuma. Nguveren aliwatazama mashetani bila kupepesa, na jenerali hakumshughulisha. Tersoo alipotokea ukingoni, aliinuka nusu. Tersoo akatoa ile sauti yake ndogo, akaanguka, na ukumbi mzima ukapiga makofi na miluzi. Kijana mmoja mbele alimwambia mwenzake kwamba hii ni kompyuta tu, siku hizi kompyuta zinafanya kila kitu.

Punde mlango wa kando ya skrini ulifunguka. Tersoo akatoka akijipangusa vumbi, akapita kati ya magoti ya watu akiomba radhi, akaketi karibu na mkewe. Hawakugusana mwanzoni.

“Kumbe hukwenda Cotonou,” alisema Nguveren.

“Sikwenda.”

“Nimekutukana sana, baba Terdoo,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Nilisikia. Mengine nilistahili, ya siku za nyuma.”

Nguveren akafungua bakuli. Tersoo hakuweza kula, lakini aliinama juu ya mvuke wa ule mchuzi, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka jenerali alipomaliza kuokoa nchi. Vumbi lake lilikuwa limemwangukia mkewe begani, na Nguveren hakulipangusa. Hapo mhudumu akaja na tochi. Alimmulika Tersoo, akapitisha mwanga, akaumulika mchuzi, akasema samahani, hairuhusiwi kuingia ukumbini na chakula kutoka nje.

Asubuhi yake Keji na Nguveren walikwenda ofisini kwa Chifu. Aliwapokea vizuri mno, akaagiza soda, akamshika Nguveren mikono yote miwili. Hakukana kitu. Alisema amehuzunika, na kwamba kila anapoiona picha ile machozi humtoka, ndiyo maana akaamuru isikatwe hata sekunde. Kuhusu Cotonou, alieleza kwamba ilionekana ni habari yenye matumaini zaidi kwa familia. Nguveren alisikiliza yote, kisha akasema alichofuata.

“Nipeni mume wangu nikamzike kwetu.”

Chifu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Machimbo yale, alisema, wangeyatumia tena kwa sehemu ya pili, na wakifukua chini ya mwamba mandhari itaharibika, watazamaji watagundua. Akamtazama Nguveren kwa makini, kwanza usoni, halafu kitambaa. Akamuuliza kama amewahi kufikiria kuigiza. Sehemu ya pili ilikuwa na mjane.

Nguveren aliiacha soda bila kuigusa. Kwenye ngazi alishika reli, akalia kidogo, bila sauti, kisha akamuuliza Keji basi la Makurdi linaondoka saa ngapi.

Mashetani wa Machimbo ilishinda tuzo ya taswira bora za kompyuta. Chifu alimshukuru Mungu, benki, na “wote waliojitoa kwa hali na mali.” Keji aliandika kwamba kati ya waliojitoa yupo aliyejitoa zaidi, na Osagie akaiondoa aya hiyo kwa upole. Kisha filamu ikatoka kwenye kumbi, ikahamia kwenye simu za watu, na Tersoo akaacha kabisa kupita Yaba. Simu hazina ratiba. Mtu anaitazama akiwa foleni ya mafuta, mwingine akiwa chooni, na wengine wakifika pale mwambani hurudisha nyuma, mara kwa mara, kwa sababu inafurahisha.

Nguveren naye aliinunua. Keji alipompigia kumjulia hali, alimkuta jikoni anapika, akasikia sauti ya pili kando yake.

“Ni yeye,” alisema Nguveren. “Namsimamisha kabla hajasukumwa. Naiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, anatoka, anakaa nami.”

“Anakaa sana?”

“Mpaka mtu mahali fulani abonyeze.”

Ndivyo maisha yao yalivyopangika. Alasiri ile walikuwa wanamenya viazi vikuu, mmoja upande huu wa beseni, mwingine upande ule, wakibishana kuhusu mbuzi wa jirani. Keji alikuwa bado hewani. Alimsikia Tersoo akinyamaza katikati ya neno, kisu kikiwekwa chini.

“Naitwa,” alisema Tersoo.

“Nenda,” alisema mkewe.

Kiti kikasogea. Nguveren akachukua kile kiazi ambacho mumewe alikiacha nusu, akaendelea kumenya kuanzia pale alipoishia.