Bibi Atupakisye Hakuonja

Watu wa Makandana waliniambia jirani yangu, bibi Atupakisye, anaua kwa chakula. Niliwapuuza. Tangu Ramadhani ianze alikuwa akinifuturisha kwake ndizi za maziwa, ingawa yeye ni Mkristo, na kila jioni tukisubiri adhana alionja yeye kwanza, desturi ya kwao ya kumtoa mgeni wasiwasi.

Jana aliweka sahani mbele yangu, hakuigusa. Alinitazama tu, midomo imemkauka. Kumbe wale wambea walisema kweli?

“Bibi, mbona huonji?” niliuliza, jicho langu likiwa mlangoni.

“Nitaonjaje, Rehana?” alisema kwa sauti ya chini. “Adhana bado, mjukuu wangu. Leo na mimi nimefunga.”