Kamera Isiyolia

Bwana Tulia hakuwa na studio. Aliifunga watu walipoanza kujipiga picha kwa simu. Hakuwa na mke tena, hakuwa na mtoto wa kumzaa, hakuwa na pensheni wala nywele. Hilo jina la Tulia walimpa wateja, kwa neno alilowaambia kabla ya kila picha. Alichokuwa nacho ni mpwa mmoja, aliyemlea tangu dada yake afariki, na kazi moja: kupiga picha za watoto wachanga katika wodi ya wazazi, ambako simu haziruhusiwi.

Mpwa alisoma, akaajiriwa na kampuni ya kamera, idara ya bei. Siku moja alimletea mjomba wake kamera ya majaribio.

"Itumie wiki mbili, Mjomba. Halafu uniandikie ukweli: humu ndani kuna kitu gani huwezi kufanya kazi bila hicho?"

Kamera ile haikulia hata kidogo. Watoto waliendelea kulala. Bwana Tulia akaandika kurasa mbili kwa mwandiko wa kunyooka: mengine yote anaweza kuyaacha, lakini ukimya huo angekopa ili aupate.

"Wakubwa wote wameisikia barua yako!" mpwa alisema, akiichukua kamera.

Mjomba alitembea kifua mbele wiki nzima.

Lakini mwonja asali haonji mara moja. Aliporudi wodini na kamera yake kuukuu, ikalia kama mlango unaobamizwa, mtoto mmoja akaanza kulia, wenzake wakaitikia.

"Mzee wangu," mkunga mkuu alimwambia, "lete ile isiyolia kabla ya mwisho wa mwezi, au usije kabisa. Vilio tunavyo vya kutosha."

Kamera mpya zilipoingia madukani, zilikuwa mbili za umbo moja, ndogo na kubwa kwa bei. Bwana Tulia alitoa akiba yake yote akanunua ndogo. Wodini akabonyeza. *Kacha!* Mtoto akashtuka, mikono juu. Alitafuta kwenye kioo cha kamera. Neno "kimya" lilikuwepo, limefifia, na kila akiligusa halifunguki.

"Hiyo inafanya kazi kwenye ile kubwa, Mzee," muuzaji alimwambia aliporudi dukani kuuliza. "Bei mara mbili."

Jumapili alikwenda kwa mpwa wake.

"Karibu, Mjomba! Chai—"

"Sikuja kunywa. Ile kubwa ina kitu gani ambacho hii haina?"

Mpwa alitazama soksi zake. "Hakuna. Ni kamera ileile, Mjomba. Hii tumeizuia tu isifanye kimya."

"Kwa nini hicho? Vitu vyote vile, mkachagua hicho?"

"Kile ambacho mtu anaweza kukiacha, tunakiweka kwenye ya bei ndogo, ajione amepata vingi. Kile asichoweza kukiacha, tunakipandisha juu."

"Na mkajuaje hatuwezi kukiacha?"

"Mjomba..."

"Nakuuliza, mkajuaje?"

"Uliandika ungekopa."

"Niliandika ili mkiweke!"

"Najua."

"Nani aliisoma barua yangu kwenye kikao?"

"Mimi."

Bwana Tulia alisimama, akatafuta kofia yake, na kumbe alikuwa ameivaa.

"Mjomba, subiri. Mwakani tunatoa nyingine. Wanataka maoni yako tena. Ukiandika nitakuombea punguzo."

"Nitaandika," alisema mlangoni. "Punguzo kaa nalo."

Mwisho wa mwezi mkunga mkuu alichukua kitambulisho chake cha wodi, akamshika mkono muda mrefu, akasema atakapopata kamera isiyolia arudi.

Asubuhi iliyofuata Bwana Tulia aliketi mezani. Aliandika kwamba ukimya hana haja nao tena, wampe yeyote autakaye, hata bure. Asichoweza kukikosa kamwe, aliandika, ni ile fremu ya maua ambayo kamera huizungushia picha yenyewe. Kwa ajili ya fremu hiyo angeuza hata kitanda.

Maisha yake yote hajawahi kumzungushia mtoto wa watu maua ya mashine. Wala hajawahi kuandika uongo akaweka sahihi yake chini.

Aliisoma mara mbili. Aliweka sahihi, akakunja karatasi, akalamba gundi ya bahasha na kuibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akaipeleka posta mwenyewe, kwa miguu, akaitumbukiza.