Komeo la Ndani

Pigo la kwanza la nyundo lilimkuta amelala kifudifudi, shavu limegandamana na saruji ya sakafu. Hakushtuka. Mwili wake ulikuwa umeacha kushtuka, kama ulivyoacha kusikia njaa. Lakini pigo la pili lilipotua, sikio lake lilitambua jambo ambalo akili ilikuwa haijalifikia: ile ilikuwa patasi yake nzuri, yenye mpini mweusi, ambayo hakuna mtu kule karakana aliyewahi kuruhusiwa hata kuigusa. Na aliyeishika hakujua kuishika.

Alifumba macho tena.

Chumba kilikuwa cha mama yake. Kitanda kilikuwa cha mama yake, lakini hakukilalia. Alijiona hana haki ya godoro lile. Mlango aliutengeneza mwenyewe, mbao nene, komeo la chuma kwa ndani, kwa sababu mama alikuwa mwoga wa wezi. Siku alipoufunga kwenye bawaba zake, mama aliupapasa juu hadi chini akacheka. "Mwizi akija hapa," alisema, "atachoka mpaka aombe maji ya kunywa." Dirisha nalo alilitia nondo. Hivyo alipoingia humu, siku mama alipochukuliwa, akalisukuma lile komeo, alikuwa amejifungia ndani ya kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Maradhi yalipoingia mjini, maduka yalifungwa, shule zikafungwa, watu wakajifungia. Karakana yake haikufungwa. Majeneza hayasubiri. Wafiwa walikuja na barakoa zimelowa machozi, wakazishusha ili wapate kumweleza marehemu alikuwa mrefu kiasi gani, mnene kiasi gani. Wengine walimshika mikono wakawa hawamwachii. Naye hakuwa na moyo wa kuichomoa mikono yake. Jioni alirudi nyumbani, akanawa, akaketi kando ya mama, akamshikia kikombe cha chai kwa sababu vidole vya mama vilikuwa vinatetemeka.

Alianza kukohoa yeye. Kisha mama. Yeye akapona.

Walikuja watu waliovaa mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, na jeneza lao wenyewe. Yeye alikuwa bado mgonjwa, hakuruhusiwa kukaribia, lakini alisikia kifuniko kinapigiliwa. Mbao nyepesi, misumari mifupi. Ametengenezea majeneza watu asiowajua hata kwa sura, mama yake akazikwa katika kazi ya kulipua.

Baadaye muuguzi alipita, akasimama nje ya dirisha, akamwambia amepona, anaweza kutoka, aote jua, arudi kazini. Amepona. Neno lile lilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Hakuwa amepanga kujiua. Hilo lilitaka nguvu, naye hakuwa nazo. Alichopanga kilikuwa rahisi zaidi: kuacha. Kuacha kula, kuacha kujibu, kuacha kuamka. Alijaribu kuomba. Kila mara alifika kwenye "Ee Mungu" akakwama, kwa sababu baada ya hapo mtu hutakiwa aseme anachotaka, naye hakuwa na anachokitaka.

Mkewe ndiye aliyeomba, tena kwa sauti, kila asubuhi, amekaa chini nje ya mlango, akimweleza Mungu habari za mumewe kana kwamba anamshtaki kwa mkubwa wake wa kazi. Hali. Hasemi. Kazi yake kunitisha. Mwone mwenyewe.

Leo hakuomba. Leo alikuja na nyundo.

"Fundi!" aliita. "Mimi kubembeleza nimeshachoka. Chai umeikataa, chakula umekikataa, dua zangu ndiyo kabisa. Leo naung'oa huu mlango, utake usitake."

Alizidi kukandamiza shavu sakafuni.

"Jirani yako nimemwomba aje auvunje. Unajua kanijibu nini? Kasimama kule kwenye uzio, kaniambia, 'Shemeji, mimi nina watoto.' Kwani nimemwambia aje anizalie?"

Siku nyingine angecheka. Nyundo ikagonga tena. Mlango ule ulikuwa na ubao mpana sehemu ya chini, ulioshikwa kwa nje na fito nyembamba zilizopigiliwa kuuzunguka. Mkewe alikuwa anazichokonoa fito zile kwenye kona, pale zilipokutana, na mbao zikatoa mlio mwembamba, mlio wa kitu kizima kinachokaribia kupasuka. Aliusikia kwenye meno.

"Usianzie kwenye kona," alisema.

Sauti ilimtoka kavu, kama si yake. Upande wa pili nyundo ikanyamaza. Mkewe akauliza polepole, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani anayeogopa kupumua:

"Umesemaje?"

"Kona zimekatwa mshazari. Ukizichokonoa hapo utazipasua. Anza katikati ya ufito mrefu. Katikati ndiko unakopinda."

"Mrefu upi? Zipo mbili."

"Wowote."

"Wowote, anasema. Nikikosea utasema nimeolewa sina akili."

"Na igeuze patasi. Umeishika kama kisu cha kukatia vitunguu."

"Umejuaje?"

"Naisikia."

Wakaendelea hivyo, yeye akielekeza, mkewe akipiga. Polepole. Usiisukume, igonge. Ukisikia msumari umelegea, sogea mbele kidogo. Mkewe alihema, akalalamika, akaitukana misumari mmoja mmoja. Komeo lilikuwa juu ya kichwa chake tu, chuma kilekile, lenye kuhitaji mkono mmoja ulioinuliwa. Alijua. Bila shaka mkewe naye alijua, na hakulitaja. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kujaribu kulivuta. Mkono ulifika kwenye chuma ukafa ganzi. Nje ya mlango kulikuwa na kiti cha mama, na kikombe cha mama, na watu watakaosema pole. Kumwelekeza mtu aivunje kazi ya mikono yake kulikuwa kwepesi kuliko kulivuta lile komeo.

Ufito wa mwisho ukaachia. Ubao ukatikisika, ukatoka kwa nje, na mwanga wa mchana ukaingia sakafuni ukamfikia usoni.

Alisikia mkewe anajilaza chini. "Mgongo wangu, jamani." Kisha uso ukatokea kwenye uwazi, umelala upande, kitambaa cha kichwa kimemteleza, jasho limechora mistari kwenye vumbi la mbao. Wakatazamana, wote wawili wamelala chini kama watoto wanaotafuta kitu kilichoingia uvunguni.

"Umekuwa ufito wewe mwenyewe," mkewe alisema. Alitaka iwe mzaha, lakini mdomo ulimcheza. Akasukuma kikombe cha maji ndani.

Hakukigusa. "Ni mimi niliyemuua," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Haina haja ya kuambiwa. Nani mwingine alikuwa anashikana mikono na wafiwa kutwa, kisha anakuja kumnywesha chai?"

Alingoja aambiwe usijilaumu. Muuguzi alimwambia hivyo. Ndugu walimwambia hivyo kwenye simu, hadi simu ikaisha chaji naye akaiacha. Lakini uso wa mkewe ulikunjamana kwa hasira.

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa sokoni kila siku na nyanya zangu, nimezungukwa na watu, barakoa iko kidevuni kwa sababu mteja hasikii bei? Nikirudi nani alimwogesha mama? Nani alimsuka nywele, pua kwa pua, akinisengenyea wakwe wenzangu? Unadhani wewe peke yako ndiye uliyekuwa na pumzi nyumba hii?"

"Mimi ndiye niliyeanza kukohoa."

"Ulianza kwa sauti." Mkewe alijifuta vumbi mdomoni. "Mimi koo lilikuwa linaniwasha kabla yako. Nikanyamaza. Nikajiambia ni vumbi la sokoni."

Yeye aliinua shavu kutoka sakafuni.

"Hukuniambia," alisema.

"Ningekuambia saa ngapi? Uliingia humo na msiba wote, ukafunga. Hukuniachia hata pa kukalia." Sasa alikuwa analia, na machozi kwa vile alivyolala yalimpita juu ya pua yakadondokea upande mmoja. "Nimemwambia Mungu. Kila asubuhi nikimaliza kukushtaki wewe, najishtaki na mimi, kimoyomoyo. Anasikia, sina wasiwasi. Lakini nilitaka asikie na mtu."

Akapenyeza mkono kwenye uwazi, ukalala sakafuni, kiganja juu, kimefanya malengelenge kwa mpini wa patasi. Hakuomba kitu. Mkono ulichoka tu, ukatua pale.

Aliutazama. Siku zote hizo aliamini ameijenga adhabu yake kwa kipimo chake, mtu mmoja, chumba kimoja. Hakuwahi kufikiri kwamba komeo lilikuwa limemfungia na mwingine, huko nje, katika chumba kikubwa zaidi, chenye sufuria na viti na simu inayolia. Huzuni yake haikupungua kwa kulijua hilo. Ilipata mwenzake tu, ikawa nzito kwa namna nyingine.

Alijikokota. Alikifikia kikombe, akanywa, na maji yakamkwaruza koo hadi akakohoa. Waliposikia kikohozi kile, wote wawili walikakamaa kwa hofu ya mazoea, kisha hofu ikapita. Aliweka kiganja chake juu ya kile chenye malengelenge.

"Ee Mungu," alisema, na safari hii hakukwama. "Huyu."

Zaidi ya hapo hakupata neno. Wakakaa hivyo, kila mmoja akilia upande wake wa mlango, mpaka mwanga ukahama sakafuni ukapanda ukutani.

Kisha akauachia mkono wa mkewe. "Utoe," alisema.

Vidole vya mkewe vilijikunja. "Unanifukuza?"

Alikuwa amepiga magoti, kichwa kinamzunguka, bega limeegemea mbao, mkono mmoja umeinuliwa juu, umelishika komeo.

"Utoe kwanza," alisema. "Mlango huu unafungukia ndani."