Chupa ya Taka Hatari

Katika kijiji cha Inverlarrie, pwani ya Uskoti, mamlaka hayakuwa kwa mchungaji wa kanisa, wala kwa polisi aliyekuja mara moja moja kuulizia kondoo waliopotea. Yalikuwa kwa mwenye ufunguo wa jiko la ukumbi. Na ufunguo huo ulipatikana kwa njia moja tu: kushinda mashindano ya skonzi kwenye maonyesho ya Agosti.

Kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuuhesabu, ufunguo ulining'inia shingoni mwa Ishbel Geddes. Senga Cruickshank, mjane aliyekaa ng'ambo ya barabara, alikuwa wa pili kila mwaka. Cheo cha pili hakikumuuma. Kilichomuuma ni tawa ya marehemu mama yake, chuma cheusi kizito cha kuokea ambacho Senga aliuazimisha ukumbi kwa harusi moja, na tangu hapo kikabaki ukutani mle jikoni. Kila alipoiulizia, Ishbel alimjibu kwamba kilichomo jikoni ni cha jiko.

"Shinda, shoga," alimwambia, "uje uishushe mwenyewe."

Kushinda kulikuwa na sharti. Hakuna aliyeruhusiwa kuja na unga wa kwake. Zamani mwanamke mmoja alishukiwa kuleta vitu vya dukani kutoka Edinburgh, na koo mbili zikanuniana mpaka wahusika wakazikwa pande mbili za makaburi. Tangu siku hiyo unga wa ngano, magadi na krimu ya tartari vilitoka kwenye kabati la ukumbi, vikapimwa mbele ya wote. Krimu hiyo, unga mweupe mchachu unaokwanguliwa kwenye mapipa ya mvinyo, ndiyo roho ya skonzi: ikikutana na magadi kwenye donge bichi, donge huinuka. Isipokutana nayo, mtu anaoka vigae.

Mwaka ule kamati iliamua kununua gunia zima la krimu moja kwa moja kiwandani. Gunia lilikuja na karatasi ya usalama, na karatasi ikaangukia mikononi mwa Torquil Mennie, mwenyekiti mpya. Mennie alikuwa ametumia maisha yake akilinda usalama kwenye mitambo ya mafuta baharini, na kustaafu kulikuwa kunamuua polepole. Aliisoma karatasi ile amesimama, kofia mkononi. Vumbi lisivutwe puani. Macho yakingwe. Glavu zivaliwe. Unga uhifadhiwe mahali pakavu, penye hewa ya kutosha, chombo kikiwa kimefungwa.

Mwanakamati mmoja aliuliza kama hii si krimu ile ile ambayo bibi zao waliichota kwa vidole vitupu.

"Ndiyo," alisema Mennie. "Na sasa wako wapi?"

Bibi wote walikuwa wamekufa. Hoja ikapita bila kupingwa.

Mwezi wa Aprili alifanya zoezi. Akina mama walipanga foleni ukumbini wakiwa na miwani ya kinga, barakoa, na glavu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvuta minyororo ya nanga. Kila mmoja alitakiwa kuchota krimu kwenye gunia na kuimimina bakulini bila kuzua vumbi. Ilipofika zamu ya Senga, kijiko kilimponyoka ndani ya zile glavu kama samaki, na krimu ikamwagika kwenye kitambaa cha meza alichokuwa amekipiga pasi mwenyewe asubuhi ile.

Mennie alipuliza filimbi. Ukumbi ukahamishwa, watu wakasimama kwenye mvua kando ya sanduku la posta, wakahesabiwa. Alikosekana Ishbel, ambaye alikuwa ndani anamalizia chai yake. Mwenyekiti alirudi peke yake kama askari anayerudi vitani, akaikusanya krimu yote kwa kadi safi, akaitia kwenye chupa ya jamu iliyokaushwa vizuri, akakaza kifuniko, akakizungushia utepe wa gundi, akabandika karatasi iliyoandikwa TAKA HATARI, akatia sahihi. Kisha akamkabidhi Senga. Kwenye mitambo, alieleza, aliyemwaga ndiye anayetunza mpaka gari la taka lije.

"Pakavu, penye giza, mbali na jiko la moto," alimwagiza. "Na kifuniko kisiguswe, Bi Senga."

Gari halikuja. Senga aliiweka chupa kabatini kati ya majani ya chai na unga wa shayiri, akaishi na aibu yake. Ishbel alihakikisha habari inafika mpaka mashamba ya juu. Dukani watu walimpisha Senga kwenye foleni.

"Mpisheni taratibu jamani," Ishbel alisema siku moja, mikono kiunoni. "Huyo kwake kuna sumu. Ukikaribishwa chai, kunywa yenye maziwa, angalau uone maziwa yakikatika ujue imo."

Senga alilipia siagi yake, akaondoka.

Huko ukumbini, Mennie alikuwa ameanza kuishughulikia sehemu ya hewa ya kutosha. Aling'oa milango ya kabati. Aliufungua mdomo wa gunia ili lipumue. Kisha alifungua dirisha linalotazama baharini na kulipigilia kabari lisifungike tena. Mtu mmoja alimkumbusha, kwa adabu, kwamba bahari yenyewe ni Bahari ya Kaskazini, na kwamba karatasi ilitaja pia ukavu na kufunga. Mennie alimtazama kwa huruma. Alisema kwamba mtambo usio na hewa ni jeneza, na kwamba yeye hajawahi kuona mtu aliyeuawa na dirisha. Basi kiangazi chote ukungu ulikuwa ukipanda kutoka baharini, ukiingia dirishani kama mpangaji aliyelipa, na kulala ndani ya gunia.

Siku ya maonyesho gunia liliinamishwa juu ya mizani. Hakikutoka kitu. Mennie aliligonga kwa kidole, nalo likajibu kama mlango. Ishbel, kwa mamlaka ya ufunguo, alileta nyundo. Mennie aligawa helmeti kwanza. Mwishowe kila mshindani alipewa fungu lake la kokoto nyeupe na kutakiwa kuoka.

Senga aliziangalia kokoto zake. Nyumbani alikuwa na kopo la krimu la dukani, na angeweza kuvuka barabara na kurudi nalo chini ya aproni bila mtu kujua. Lakini alimfikiria mama yake, ambaye hakuwahi kuoka uongo kwenye tawa ile. Ndipo akaikumbuka chupa.

Alivuka barabara. Aliporudi aliiweka chupa mezani mbele ya mwenyekiti.

"Hiyo ni taka," alisema Mennie.

"Ilitoka gunia gani, Bwana Mennie?"

"La ukumbi."

"Na nani aliifunga?"

Mennie aligusa utepe, akagusa sahihi. "Mimi."

"Basi ni krimu ya ukumbi, tena imetunzwa kwa amri yako. Pakavu, gizani, kifuniko hakijaguswa."

"Atatulisha taka huyu," Ishbel alisema. "Mnasikia? Taka."

Lilikuwa kosa. Mennie aligeuka polepole na kumuuliza kama anatilia shaka namna yeye anavyohifadhi taka. Alitoa ruhusa papo hapo, kwa sharti moja: skonzi nazo zibebe karatasi kama ile ya chupa.

Utepe ulipokatwa, krimu ilimiminika laini kama siku iliyofungwa.

Hakimu alikuwa Rhona Pirie wa kijiji jirani, mwanamke asiye na haraka. Alianza na skonzi za Ishbel, zilizolala kwenye sahani kama soli. Aliuma. Kulisikika mlio. Rhona alishika shavu, akaweka alama fulani, akasogea. Za wengine alizigonga tu kwa kisu. Kisha akafika kwenye sahani ya mwisho, ambako skonzi zilikuwa zimeinuka, zimechanika ubavuni inavyotakiwa, nyuma ya maandishi TAKA HATARI.

"Kuna jambo natakiwa kujua?" aliuliza.

Mennie alimvisha miwani ya kinga. Rhona aliipasua skonzi, mvuke ukafunika vioo, akala bila kuona kitu. Alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono hewani na kuomba siagi, na Inverlarrie nzima ilijua kwamba hakimu akiomba siagi, kesi imekwisha.

Ishbel aliuvua ufunguo shingoni mwenyewe.

"Chukua, shoga. Ila ile tawa imeshazoea hapa."

"Itazoea na kwangu."

Jikoni, Mennie aliwazuia mlangoni. Chuma cha uzito ule hakinyanyuliwi na mtu mmoja. Basi Senga na Ishbel waliishusha pamoja, magoti yamekunjwa, migongo imenyooka, wakitazamana juu ya tawa huku mwenyekiti akiwahesabia. Waliitua mezani. Ishbel alifuta vumbi kwenye mpini kwa kona ya aproni yake, akajifanya hakufanya hivyo.

Senga hakuibeba mara moja. Alikwenda kwenye lile dirisha la baharini, akang'oa kabari, akaitia mfukoni. Mennie alifungua mdomo kusema jambo kuhusu hewa. Senga alimpa ile chupa tupu aishike, na Mennie alipokuwa bado anasoma sahihi yake mwenyewe, Senga akafunga dirisha.