Dadu ya Unga

Kilichoniamsha ni harufu ya plastiki inayoungua. Nilitoka chumbani na kaptura tu, macho yamejaa usingizi, nikidhani waya umeshika moto. Jikoni nikamkuta mama mkwe wangu ameinama mbele ya jiko la mkaa, na nyuma yake wanangu wawili wamesimama kimya, mikono mgongoni, kama wanafunzi waliochelewa. Juu ya makaa ilikuwa dadu yetu ya mchezo. Upande mmoja ulikuwa umeshalainika na kuinama.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana hata nyumba ikiungua mkwe husalimiwa kwanza.

"Marahaba, baba. Rudi ukalale. Hili nimeshalimaliza."

Ilikuwa nyumba yangu, jiko langu, na wale waliofungwa midomo walikuwa wanangu, halafu mimi ndiye ninayeambiwa nikalale. Mkwe hagombwi. Nililelewa hivyo, nikaamini hivyo, na siku ile kwa mara ya kwanza nilijua kwamba adabu inaweza kukukaba koo. Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani nikiitazama mikono yangu.

Nilikuwa mwoka mikate. Watu wakilala, mimi nilikuwa mbele ya oveni; watu wakienda kazini, mimi nilikuwa narudi na unga kwenye nyusi. Mke wangu alishona kola za sare kiwandani na alirudi jua likizama. Asubuhi jirani aliwashika watoto nikapata usingizi, na kuanzia mchana walikuwa wangu. Mkubwa, wa kike, alikuwa bado hajafika miaka mitano, na tulimwita Hakimu kwa sababu hakuna jambo lililopita nyumbani bila hukumu yake. Mdogo wake tulimwita Kifurushi. Alipenda kubebwa, na ukimweka chini alibaki palepale ulipomweka.

Mchezo wetu niliuchora mwenyewe juu ya boksi la hamira. Nilianza na nyoka na ngazi kama watu wengine, lakini Kifurushi alimwona nyoka wa kwanza akalia mpaka akapaliwa, basi nikawafuta nyoka nikachora oveni. Ukiangukia oveni, unakaa humo zamu moja mpaka uive. Wenzako wanakubonyeza tumbo kwa kidole, na wakiridhika wanasema "ameiva," unatoka. Kete zilikuwa vifuniko vya soda. Dadu ilitoka kwenye duka la vitu vya mtumba, na ikidondoka nje ya mkeka haikuhesabiwa; hiyo ilikuwa sheria ya Hakimu, haikuwa na rufaa. Mwenyewe alihesabu moja, mbili, tatu, tano, na akishafika tano alitaka pongezi. Kifurushi aliipenda oveni kuliko ushindi. Alisogeza kete yake popote ilipo mpaka iingie mle, kisha akalala chali afunue tumbo, tumbonyeze.

Najua inavyoonekana, mwanamume mzima kulala kifudifudi mkekani mchana kweupe akihesabu vifuniko vya soda. Majirani walinitania, na utani wao niliupokea. Lakini watoto wale walijifunza pale kungoja zamu, na kungoja zamu ni jambo ambalo nimewaona wazee wazima likiwashinda.

Mke wangu hakucheza nasi hata siku moja. Tukimwita alikuwa na nguo za kukunja, au sufuria za kusugua, au kichwa kinamgonga. Akipita karibu na mkeka aliupitia pembeni, akishikilia ukuta. Nilidhani anauona upuuzi, na jambo hilo liliniuma kidogo kidogo, kimyakimya.

Mama yake alikuja kwetu kwa ajili ya goti. Hospitali ilikuwa karibu, akaambiwa atibiwe kwa wiki kadhaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyembebea begi lake mpaka ndani. Siku mbili tatu alituangalia tu kutoka kwenye kiti chake. Ile dadu ilipokuwa ikiviringika, macho yake yaliifuata mpaka isimame, kisha akayafumba. Nikadhani ni maumivu ya goti. Siku ya nne akaichoma.

Jioni ile nilimngoja mke wangu nje ya mlango, sikutaka maneno yetu yafike ndani.

"Mama yako amechoma mchezo wa watoto."

"Nimesikia. Jirani kaniambia." Hakuniangalia. "Mvumilie. Ni mama."

"Mimi navumilia. Wewe unafanya nini?"

Alivua viatu vyake vya kazini, akavipangusa kwa muda mrefu kuliko vilivyokuwa na vumbi, akaingia ndani. Nilibaki nje na hasira zangu mbili, moja ya mama na moja ya binti, na sikujua nianze kuila ipi. Watu husema hasira hasara. Kwangu hasara ilikuwa imeshatangulia, hasira ndiyo iliyochelewa.

Kesho yake mama mkwe alitoa tamko, tena akiwa amekaa vizuri na mtandio wake kichwani kama mtu aliyealikwa shughulini. Watoto atakwenda nao kwake. Shemeji, mwanawe wa kiume, atakuja na gari Jumamosi kuwachukua. Watakaa huko mpaka nipate kazi ya watu, kazi ya mchana, niache kulala jua likiwaka na kuamka kuwafundisha watoto wachanga kamari.

"Mama, ni mchezo wa kuhesabu," nilisema.

"Yote ni ya kuhesabu, baba. Hakuna isiyo ya kuhesabu."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, na vidole vyake havikusimama. Wanaojua watajua kilichokuwa kinanitisha. Bibi akimwomba mjukuu, anayekataa ni mbaya wa ukoo mzima. Na mjukuu akishakwenda kukaa kwa bibi ndiyo basi. Anarudi kwa wazazi wake wakati wa likizo, mgeni, akiuliza maji ya kunywa yako wapi. Niliona wazi kabisa: Hakimu akihukumu nyumba nyingine, Kifurushi akibebwa na mikono mingine, na mimi nikirudi kutoka kazini kwenye vyumba vilivyofagiliwa.

Usiku ule kazini nilichota unga konzi moja, nikatia chumvi nyingi na maji kidogo sana, nikaukanda. Sijawahi kukanda donge kwa chuki namna ile. Nililipiga mezani mpaka mwenzangu wa zamu akazima mashine aje kutazama. Nikalikata likawa na pande sita, nikalitoboa madoa kwa njiti ya kiberiti, nikalisukuma kwenye kona ya oveni ambako moto ni mdogo, likauke mpaka ndani.

"Huo mkate wa nani?" aliuliza.

"Wa mkwe."

Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Mimi sikucheka. Dadu ilitoka ngumu kama kokoto, imepinda kidogo, na asubuhi niliiweka mkononi mwa Hakimu mbele ya bibi yake, nikamwamkia bibi yake kwa heshima zote, nikaenda kulala. Hayo ndiyo matusi niliyoyaweza.

Jumamosi shemeji alifika. Alikuwa dereva wa lori, mtu mpole, asiyependa ugomvi unaomkuta amekaa. Mikoba ya watoto ilikuwa imeshafungwa, imewekwa mlangoni. Tulikaa sebuleni, wakubwa kwenye viti, na watoto wakatandika mkeka katikati yetu kama kawaida, wakapanga vifuniko vyao. Hakuna aliyewaambia waache. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake.

"Shemeji," alianza yule dereva, akiangalia dari, "mama ana nia njema."

"Nia yake siijui. Najua mikoba ya wanangu iko mlangoni."

Sauti yangu ilipanda, nikaisikia mwenyewe. Shemeji akageuza kichwa. Mama mkwe hakushtuka. Aliunyosha mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akaanza kusema, wala hakuwa anasema nami. Alikuwa anaiambia dadu.

Alisema mumewe alianza kwa kucheza dadu ya kushindania chai. Baadaye saa ya mkononi, kisha baiskeli, kisha mbuzi wa watu. Siku moja walikuja wanaume wawili kuchukua kitanda. Mumewe alikuwa amekiweka rehani ya mchezo tangu jana yake na hakumwambia mtu. Juu ya kitanda alikuwa amelala mtoto wa kike mwenye homa, anaweweseka. Wale wanaume walikuwa na haya. Walisimama wakimngoja mtoto atolewe. Baba yake akamwinua kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza sakafuni, akawasaidia kukipitisha kitanda mlangoni kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba.

"Huyo hapo," alisema mama mkwe, akamwonyesha mke wangu kwa kidevu.

Miaka yote ile ya ndoa, mke wangu hakuwahi kunisimulia. Wengine wangetaka nimhurumie, na nilimhurumia, lakini ukweli ni kwamba nilikasirika zaidi. Nilimkasirikia yule mzee niliyemkuta ameshazikwa, nikamkosa wa kumshika shati. Nilimkasirikia mke wangu aliyeniacha nimwite kwenye ule mkeka jioni baada ya jioni, kumbe najisemea tu. Na nilimkasirikia yule mama kwa kunipa hesabu ya mwanamume mwingine niilipe mimi, tena kwa watoto.

"Mimi siye yeye," nilisema.

"Wote huanza hivyo," alisema. "Kwa kuwachekesha watoto."

Basi nikanyanyuka. Sijui nilikusudia nini. Labda kuichukua ile mikoba niitupe uani, labda kumwambia neno ambalo lingetufukuza wote kwenye ukoo. Mke wangu aliniwahi. Aliondoka kwenye kiti chake, akapiga magoti, kisha akakaa mkekani kati ya wanawe, gauni lake likifunika nusu ya ubao.

"Zamu ya nani?" aliuliza.

Hakimu alimtazama kwa mashaka, kama anayekagua kitambulisho. "Ya Kifurushi. Lakini wewe ni mgeni. Mgeni anaanza."

Mke wangu aliichukua dadu ya unga. Hakuitupa. Aliishika, akamgeukia mama yake.

"Mama. Baba ndiye aliyenitoa kitandani. Hawa hawajanitoa popote."

"Mwanangu, inuka hapo."

"Wanangu hawaendi."

Kisha akairusha. Iliruka ovyo kwa sababu ilikuwa imepinda, ikasimama karibu na mguu wa kiti cha mama yake, ndani ya mkeka. Tatu. Hakimu akamsogezea kete, kwa sauti, moja, mbili, tatu, akavuta pumzi.

"Umeingia oveni, mama. Lala."

Naye akalala. Mke wangu, mtu mzima, mbele ya mama yake na kaka yake, alilala chali sakafuni, na Kifurushi akaja akambonyeza tumbo kwa kidole.

"Bado mbichi," alisema Kifurushi.

Shemeji alicheka peke yake, kisha akakohoa. Mama mkwe aliinuka. Alikataa mkono wangu, akakataa wa mwanawe, akaenda chumbani akakusanya vitu vyake, na tiba ya goti ikaishia hapo. Alipopita mlangoni aliiruka mikoba ya watoto kwa shida. Akasimama mbele yangu.

"Umenishinda, baba," alisema.

Neno hilo lilinichoma kuliko harufu ya ile plastiki. Sikuwa nacheza naye. Sikuwahi kucheza na yeyote zaidi ya watoto wawili wasioweza kuhesabu nne. Nilitaka kumkimbilia mpaka kwenye gari nimwambie hivyo, na mpaka leo, na yeye ameshatangulia mbele ya haki, na Hakimu ana watoto wake, bado yapo maneno kifuani mwangu ambayo hayakupata wa kuyapokea. Alikuja tena kwetu, ndiyo, misibani na arusini. Alikunywa maji tu. Goti lile aliliburuta hadi mwisho, na kwangu hakulala tena.

Gari lilipoondoka nilirudisha nguo za watoto kwenye kabati moja moja, nikizibamiza. Mke wangu alimaliza mchezo. Nilisikia kila kitu kutoka chumbani, Hakimu akitoa sheria mpya za kumbana mgeni, Kifurushi akishinda bila kujua na kukataa kutoka oveni, mama yao akihesabu pamoja nao kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikasikia bomba.

Nilimkuta kwenye karo. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya kufulia, mpaka viwikoni, anasuuza, anapaka tena. Ngozi ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Nilisimama nyuma yake nimeshika taulo, na hasira yangu yote niliyoibeba wiki nzima haikuwa na mahali pa kuitua.

"Usiniite tena kwenye ule mkeka," alisema bila kugeuka.

"Sitakuita."

"Cheza nao wewe."

"Sawa."

Akapaka sabuni tena. Nikangoja.